Kumtazama kiti cha pweza akila, bila kumuua

Ngoja bamvua. Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya Bagamoyo hupwa mbali sana, na hufika chini kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi. Nenda Mlingotini, kijiji cha pwani hapo Bagamoyo, saa nzima kabla, maji yakiwa bado yanashuka, uvae viatu vya raba. Kwenye majani ya bahari utamkuta kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, wa kijivu mwenye vinundu vyekundu. Anayetembea mwache. Mtafute aliyetulia palepale, huenda anakula.

Mgeuze ndani ya maji, hata kama yanakufika magotini tu. Pitisha vidole chini ya mkono wake mmoja, usubiri viguu, yaani vimirija vidogo vya kunatia vilivyo chini ya mikono, viachie, kisha umpindue taratibu. Ukimnyofoa kwa nguvu, viguu hukatika vikabaki vimenata kwenye jiwe. Tazama upesi katikati ya mikono mitano: utando mwororo, wenye kuteleza kama ute wa yai, umetokeza mdomoni. Hilo ni tumbo lake, na akishtuka hulirudisha ndani.

Hana meno. Aina za kiti cha pweza zinazokula kombe hung'ang'ania magamba yote mawili kwa viguu na kuvuta bila kupumzika, hata kwa saa kadhaa, mpaka msuli wa kombe uchoke. Mwanya usiofika milimita 1 unatosha. Tumbo hupenyezwa humo, nyama ikayeyushwa ndani ya gamba lake mwenyewe, na uji wake ukaingia kwenye tezi zilizolala ndani ya kila mkono.

Viguu hivyo huendeshwa kwa maji ya bahari, na ngozi ndiyo pafu lake. Kwa hiyo kumwanika mchangani kwa ajili ya picha ni kumnyima pumzi, na maji ya bomba humuua. Mrudishe palepale, mdomo chini. Anaweza kujipindua mwenyewe, lakini kwa taabu.

Kwenye matumbawe kuna kiti cha pweza mwingine mwenye mikono zaidi ya 10 na miiba mirefu yenye sumu. Huyo hula matumbawe yenyewe, na hapana kumshika. Usimkatekate pia: kipande chenye sehemu ya kitovu, yaani katikati ya mwili, kinaweza kuota upya. Akikuchoma, toa miiba inayoonekana, loweka jeraha kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda zahanati, kwani ncha iliyokatikia ndani inaweza kuozesha jeraha.