Umeiongezea prosesa kasi, sasa kompyuta inazimika: anza hapa

Umepandisha kasi ya prosesa, kompyuta imewaka bila shida, umefurahi. Siku mbili baadaye unakutana na skrini ya bluu, au picha inaganda na sauti inakwama, kisha mashine inajiwasha upya. Kabla hujagusa kitu kingine, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Prosesa isiyo imara hukosea hesabu, na hesabu hiyo ikiandikwa kwenye diski, faili linaharibika kimyakimya. Ovakloki, yaani kasi uliyoiongeza, hurekebishika. Picha za familia zikiharibika, hazirudi.

Hatua ya 1: Thibitisha nani mkosaji

Washa kompyuta ukibonyeza Del au F2, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama), rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha tumia mashine kama kawaida kwa siku mbili tatu. Ikiwa haiwaki kabisa, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye ubao mama, subiri dakika chache, uirudishe.

Ikitulia, umempata mshukiwa, lakini hukumu bado. Mipangilio ya kiwandani huwa imezima pia XMP au EXPO, yaani kasi ya ziada ya RAM. Washa hiyo peke yake, prosesa ibaki ilivyo, na uipime RAM kwa programu ya MemTest86. Nimeona watu wengi wakihangaika na volteji ya prosesa wiki nzima kumbe tatizo ni RAM.

Ikiendelea kuzimika hata katika mipangilio ya kiwandani, kagua pawa saplai, joto na RAM yenyewe. Mwenye Intel Core ya mezani ya kizazi cha 13 au 14 asasishe BIOS kwanza: Agosti 2024 Intel ilitoa maikrokodi 0x129 (programu ndogo ya ndani ya prosesa) ya kuzuia volteji kupanda kupita kiasi. Sasisho hilo hukinga tu, haliponyi prosesa iliyokwisha kuumia.

Hatua ya 2: Soma kumbukumbu za matukio ya mashine

Kwenye Windows fungua Event Viewer, programu inayoorodhesha matukio ya mashine, sehemu ya System. Tukio namba 41 la Kernel-Power litakuwepo, lakini lisikupotezee muda: linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Tafuta WHEA-Logger, ambayo huripoti makosa ya vifaa vyenyewe. Tukio namba 19 ni kosa ambalo prosesa imelisahihisha yenyewe, na kwangu hilo ni onyo tosha hata kama mashine haijazimika. Ndani yake kuna APIC ID, namba inayokuelekeza kwenye kiini (core) cha prosesa kilichokosea, iandike. Skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, kwenye mashine iliyoongezwa kasi, mara nyingi humaanisha volteji haitoshi kwa kasi uliyoiomba.

Hatua ya 3: Tazama joto

Tumia HWiNFO, programu inayoonyesha joto la prosesa. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina kikomo cha nyuzi 95, na nyingi za Intel nyuzi 100. Zikifika hapo hujipunguza kasi zenyewe. Kama unagusa kikomo, shughulikia kipoza kwanza.

Hatua ya 4: Shusha kasi kabla ya kupandisha volteji

Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo prosesa zinapoumia. Umeme unaoliwa hukua kwa mraba wa volteji: kutoka volti 1.25 hadi 1.35, matumizi hupanda karibu asilimia 17 kabla hujaongeza hata megahezi moja. Punguza kizidisho (multiplier, namba inayopanga kasi ya prosesa) kwa 1, kutoka 52 hadi 51 kwa mfano, ambayo ni megahezi 100 tu. Hutaiona tofauti hiyo kwa macho. Ukilazimika kuongeza volteji, ongeza volti 0.01 kwa wakati mmoja, upime, uandike. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Load-Line Calibration, mpangilio wa BIOS unaozuia volteji kushuka kazi inapokuwa nzito, iache kwenye nguvu ya kati. Ikiwa dhaifu, huacha volteji ianguke kazi nzito inapoanza. Ikiwa kali kabisa, huleta miruko ya volteji kazi inapoisha ghafla.

Hatua ya 5: Pima kazi nzito, kisha kazi nyepesi

Programu za Prime95 na OCCT hupima kazi nzito. Lakini niliwahi kuwa na mashine iliyopita Prime95 usiku kucha, kisha ikazimika asubuhi nikisoma barua pepe. Nilikuwa nimeshusha Curve Optimizer, mpangilio wa prosesa za AMD unaopunguza volteji ya kila kiini, hadi -30 kwa viini vyote. Viini vyote vikifanya kazi pamoja, kasi hubaki chini. Kazi ikiwa ndogo, kiini kimoja huruka hadi kasi yake ya juu kabisa, na volteji niliyoipunguza haikukitosha. CoreCycler, inayopima kiini kimoja kimoja, ilinionyesha viwili vilivyokuwa dhaifu. Niliviweka -12, vingine vikabaki -30, na mashine ikatulia.

Kwa hiyo baada ya jaribio zito, endesha CoreCycler usiku mzima, kisha iache mashine siku nzima ikiwa imewaka bila kazi. Ikipita yote, rudi Event Viewer uhakikishe hakuna tukio 19 jipya.

Ukishamaliza, piga picha kurasa za BIOS kwa simu, maana kusasisha BIOS mara nyingi hufuta kila ulichopanga.