Asilimia 28 ya mahindi yana kiwavijeshi: namba hiyo ina mipaka gani?

Bwana shamba akirudi na taarifa kwamba asilimia 28 ya mahindi ya shamba fulani yameingiliwa na kiwavijeshi vamizi, aulizwe mambo mawili: alisimama mara ngapi, na kila aliposimama aliona mimea mingapi yenye mdudu? Bila majibu hayo, mkulima anaweza kununua dawa asiyoihitaji, au akakaa na pesa yake mfukoni huku shamba linateketea.

Hakuna anayehesabu shamba zima. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ina mimea karibu 18,000. Tunakagua michache na kuisemea iliyobaki. Sampuli hiyo, hata ikichukuliwa kwa uangalifu, inaweza kukupa 28 wewe, na mwenzako aliyepita mistari mingine asubuhi ile ile akapata 35. Ndiyo maana makadirio huandikwa pamoja na mpaka wa chini na mpaka wa juu. Tunaposema mipaka ya uhakika wa asilimia 95, maana yake ni hii: maafisa 100 wakilipima shamba hilo kwa njia moja, kila mmoja akaweka mipaka yake, takriban 95 watakuwa wameibana hali halisi katikati. Watano hivi wataikosa, na hawatajijua.

Kuhesabu viwavi

Mdudu huyu aliripotiwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Tanzania na Kenya. Ukaguzi uliozoeleka ni kutembea shambani kwa umbo la W, kusimama mara 5, na kila kituo kukagua mimea 10 iliyofuatana. Unaohesabiwa ni mmea wenye majani machanga yaliyotobolewa na kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa msumeno. Matobo makavu kwenye majani ya zamani yaache, mdudu huyo ameshaondoka. Kwa mkulima mdogo, kiwango cha kuchukua hatua kinachopendekezwa ni karibu asilimia 20 mahindi yakiwa bado machanga, na karibu asilimia 40 yakishakuwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele.

Tuseme mahindi ni machanga, na katika mimea 50 umepata 14 yenye dalili. Hiyo ndiyo asilimia 28. Hesabu ya vitabuni inakwenda hivi: zidisha 0.28 kwa 0.72, gawanya kwa 50, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.96. Utapata 0.124, yaani pointi 12 na ushee. Mipaka inakuwa asilimia 16 hadi 40. Tayari kuna utata, maana 20 imo ndani.

Lakini hata hesabu hiyo inatupa moyo kupita kiasi. Inachukulia kwamba kila mmea ni habari mpya, isiyohusiana na ya jirani yake, na kiwavijeshi hayuko hivyo. Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200 kwa fungu moja, na viwavi wakishaanguliwa hutambaa na kupeperushwa na upepo hadi mimea ya karibu. Ukisimama penye fungu unakuta mimea 6 kati ya 10. Ukisogea hatua arobaini hukuti hata mmoja. Ni kama kuuliza bei ya mahindi kwa watu kumi wa nyumba moja: umeuliza wengi, umesikia jibu moja.

Kwa hiyo kipimo halisi ni kituo. Chukua zile 14 na uziangalie zilivyokaa: 6, 1, 0, 5, 2. Wastani ni 2.8 kwa kituo. Toa wastani kwa kila namba, zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha (unapata 26.8), gawanya kwa idadi ya vituo ukitoa kimoja, yaani 4, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko: 2.59. Kigawanye kwa kipeuo cha pili cha 5, unapata 1.16. Mwisho zidisha kwa kizidisho cha vituo 5, ambacho ni 2.78 (hutoka kwenye jedwali la t la vitabu vya takwimu, nacho hukua vipimo vikiwa vichache). Jibu ni 3.2 juu na chini ya wastani. Mpaka wa chini unaangukia chini ya sifuri, kwa hiyo tunaandika 0. Wa juu ni 6 kati ya 10.

Sifuri hadi asilimia 60. Mimea ni ile ile 50, lakini taarifa ya kweli ni kwamba bado hatujui.

Dawa yake si kukagua mimea mingi zaidi pale pale uliposimama. Mimea 50 hiyo hiyo igawe katika vituo 10 vya mimea 5. Tuseme umepata 3, 1, 0, 2, 1, 2, 0, 3, 1, 1. Jumla ni 14 vilevile, lakini mipaka sasa ni asilimia 13 hadi 43. Umetembea zaidi kidogo, hukuongeza mmea hata mmoja. Ningekuwa na amri, fomu zote za ukaguzi zingeanza na vituo 10, na vituo 5 vingebaki kwa darasa la kufundishia.

Uamuzi nao unafuata mipaka. Kwa mahindi machanga, mpaka wa chini ukishapita 20, mkulima apulizie. Mpaka wa juu ukiwa chini ya 20, atulie na arudi kukagua baada ya siku chache. Kiwango kikiwa katikati ya mipaka, ongeza vituo siku hiyo hiyo, usisubiri wiki ijayo, kwa sababu kiwavi mdogo anakufa kwa urahisi na mkubwa anajificha ndani ya majani yaliyojikunja ambako dawa haimfikii vizuri. Ukiongeza na bado imo katikati, angalia gharama: dawa na kibarua ni kiasi gani, na mahindi yanatarajiwa kuuzwa bei gani. Hapo mkulima ndiye mwenye kauli.

Usipokuta mdudu hata mmoja katika mimea 50, usiandike "shamba salama". Kwa sifuri, wanatakwimu hugawanya 3 kwa idadi ya mimea, hapa 50: kiwango halisi kinaweza kufika asilimia 6. Na kwa vile wanakaa kwa mafungu, kinaweza kuzidi hapo.

Kukadiria mavuno

Wastani wa mavuno unapimwa kwa mwendo huo huo, ila badala ya kuhesabu unapima uzito. Pima viwanja vya mita 5 kwa 5, vuna kila kimoja peke yake, pukuchua, pima kwa mizani. Magunia yaache kabisa kwenye kazi hii. Penye lumbesa, gunia si kipimo. Unyevu nao urekebishwe: punje zenye unyevu wa asilimia 25 zidisha uzito wake kwa 0.867 ili upate uzito kwenye unyevu wa 13.5.

Tuseme viwanja 6 vimetoa kilo 5.2, 6.8, 4.1, 7.5, 5.9 na 6.5. Wastani ni 6.0, mtawanyiko 1.22, kizidisho cha vipimo 6 ni 2.57, na mipaka ni kilo 4.7 hadi 7.3 kwa kiwanja. Ekari moja ina viwanja kama hivyo 162. Kwa hiyo mavuno ni kilo 970 kwa ekari, kati ya 760 na 1,180. Mkulima anayetaka kuahidi mzigo kwa mnunuzi asaini kwa ile 760. Viwanja vikiwa 12, mtawanyiko ukabaki vilevile, mipaka inabana hadi karibu 850 na 1,100. Vizidisho vingine vya kuweka kwenye daftari: vipimo 10 ni 2.26, vipimo 12 ni 2.20, vipimo 20 ni 2.09.

Ukubwa wa shamba hausumbui sana. Vituo 10 kwenye ekari moja na vituo 10 kwenye ekari kumi vinatoa mipaka inayokaribiana, ikiwa shamba ni la namna moja. Lakini likiwa na sehemu iliyopandwa mapema na nyingine iliyochelewa, au mbegu mbili tofauti, lihesabu kama mashamba mawili.

Kuna kosa ambalo hesabu yote hii hailioni: vituo vilivyochaguliwa kwa macho. Mistari ya pembeni mwa njia, kiwanja ambacho mwenye shamba amekuonyesha kwa kidole, kona yenye mbolea ya zizi. Mipaka itatoka myembamba na ya kupendeza, na yote itakuwa mahali pasipo. Chagua mistari na hatua kwa namba za bahati nasibu kabla hujaingia shambani, hata kama ni karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia, kisha ukifika hapo usisogee kwa sababu mahindi yamesinyaa.

Ngazi ya kijiji, shamba ndilo linalokuwa kituo. Vituo 30 ndani ya mashamba matatu ni vipimo vitatu, si thelathini, na kizidisho cha vipimo vitatu ni 4.30. Afadhali mashamba 15 yaliyochaguliwa kutoka kwenye orodha ya wakulima wote, kila moja na vituo viwili au vitatu. Kwenye taarifa ya wilaya andika matokeo ya kila shamba na ya kila kituo, sifuri zikiwemo, ili anayeunganisha kata zote aweze kupiga hesabu yake mwenyewe.