Mpangilio wa baiti kwenye kerneli ya Linux: geuza mpakani, mara moja tu

Kama unaandika draiva au mfumo wa faili na kila kitu unakitesti kwenye mashine ya x86 peke yake, kuna aina ya bagi ambayo hutaiona kabisa hata ukae nayo miaka. Namba 0x12345678 kwenye memori ya x86 inakaa 78 56 34 12, yaani baiti ndogo kwanza, na RISC-V iko hivyohivyo, na ARM nyingi pia, ila ukienda s390 (mashine kubwa za IBM) inakaa 12 34 56 78, baiti kubwa kwanza. Kwenye kodi, mipangilio hii miwili inaitwa le (little-endian) na be (big-endian), nami nitatumia majina hayo hayo.

Sasa prosesa ikipiga hesabu zake yenyewe hili halikuhusu hata kidogo, u32 (namba ya biti 32 isiyo hasi) ni u32. Linaanza kukuhusu pale data inapotoka nje au kwenda nje: diski, waya wa netiweki, kifaa cha USB. Na huko nje mpangilio umeshaamuliwa na waliotengeneza kile kitu, sio wewe: heda za IP ni be, mfumo wa faili wa ext4 kwenye diski ni le, ule wa XFS ni be, deskripta za USB ni le, device tree (data inayoielezea kerneli vifaa vya mashine) ni be. Kwa hiyo cha kwanza fungua spesifikesheni ujue, usikisie kwa kuangalia nini kimefanya kazi kwenye laptop yako.

Ukishajua, iandike ndani ya taipu. Usiandike u32 halafu ukaweka komenti pembeni, komenti haikaguliwi na mtu.

    struct kichwa {
        __le32 urefu;
        __le16 aina;
        __le16 bendera;
    };

    u32 urefu = le32_to_cpu(k->urefu);
    k->aina = cpu_to_le16(aina);

Unageuza pale data inapoingia, ndani unafanya kazi na u32 ya kawaida, unageuza tena inapotoka, basi. Ikitokea variabo moja inabeba le asubuhi na ya prosesa jioni, umeshapotea, gawa ziwe mbili. Na tafadhali usiweke #ifdef ya kuuliza prosesa ni ya aina gani halafu ukaita swab32 (inayopindua baiti) mwenyewe, makro kama cpu_to_le32 zinajua tayari, kwenye mashine ya le cpu_to_le32 haifanyi chochote kwa hiyo hupotezi spidi. Ukitaka kulinganisha na namba ya kudumu geuza ile namba, k->aina == cpu_to_le16(AINA_DATA), kompaila inaimaliza wakati wa kukompaili.

Angalia na upana pia. Ukiita le32_to_cpu kwenye fildi ya __le16, x86 itanyamaza na jibu litatoka sahihi, lakini kwenye be thamani inasukumwa kwenye baiti za juu na unapata takataka.

Panapowachanganya watu zaidi ni rejista za kifaa. readl na writel, zinazosoma na kuandika rejista hizo, zenyewe zinachukulia kifaa ni le na zinakugeuzia, kwa hiyo ukiandika le32_to_cpu(readl(...)) umegeuza mara mbili, x86 haitalalamika na mashine ya be itasoma kinyume. Kifaa chenye rejista za be kina ioread32be na iowrite32be. Lakini deskripta za DMA (kifaa kinapojisomea na kuandika memori bila prosesa) ziko kwenye memori ya kawaida, huzisomi kwa readl, hizo hakuna anayekugeuzia, lazima ziwe __le32 au __be32 na ugeuze mwenyewe. Draiva moja inaweza kuwa na vyote viwili mistari kumi tu mbali, ndo maana nasema taipu iandikwe.

Bafa ambayo hujui kama anwani yake imelala sawa, usikasti pointa, tumia get_unaligned_le32(p), iko linux/unaligned.h (kerneli za zamani asm/unaligned.h). Bitfildi za C (fildi zilizopewa upana wa biti kadhaa) kwenye data ya nje ziache kabisa, mpangilio wake unabadilika kwa prosesa, chukua le32_get_bits na maski.

Halafu iite sparse, programu inayokagua taipu kwenye kodi ya kerneli, ikukagulie:

    make C=2 drivers/net/yako/

C=1 inakagua faili zinazokompailiwa upya tu, C=2 inakagua zote. __le32 ni taipu yenye alama ya __bitwise, inayoiambia sparse isiichanganye na namba za kawaida, kwa hiyo ukiijumlisha au ukiiweka kwenye u32 bila kugeuza sparse inapiga kelele, wakati gcc ingepita kimya. Sifuri inaruhusiwa, na kufanya & au | kati ya le mbili ni sawa, kujumlisha hapana, kwa hiyo kuna le32_add_cpu. Onyo likitoka usilizibe kwa __force (inayoiambia sparse inyamaze), mara nyingi hapo ndipo bagi ilipo, __force ibaki kwa sehemu chache ambazo unaweza kumweleza mtu kwa nini.

Mwisho iendeshe kwenye be kweli. Huhitaji kununua mashine, qemu-system-s390x, programu inayoiga mashine ya s390, inatosha kwa mfumo wa faili au kodi ya netiweki: tengeneza imeji ya diski kwenye x86, imaunti kule ndani, andika faili, irudishe x86 uisome, halafu fanya kinyume chake. Usiandike na kusoma kwenye mashine ileile tu, maana ukisahau kugeuza pande zote mbili makosa yanafutana na testi inapita.