"Winnow": kitenzi chenye upepo ndani yake

Ukikutana na "winnow" katika maandishi ya Kiingereza, kumbuka ungo. Mchele unarushwa juu, pumba zinapeperuka, punje nzito zinarudi ungoni: kupepeta. Ndiyo maana yake ya asili. Kiingereza cha kale kilisema "windwian", kutokana na "wind", yaani upepo. Ile "d" ikamezwa njiani. Hata "window" ni ndugu yake, ingawa lilipitia kwa Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia, waliosema "vindauga", jicho la upepo. Nalipenda sana hilo!

Siku hizi utaliona zaidi kwenye habari za kazi na mashindano: waombaji 200 "winnowed down" hadi 5. Hapo usiandike kupepeta, msomaji atashangaa. Andika kuchuja, au bora zaidi kupembua, kwa sababu nalo ni neno la nafaka, la kutenga punje na makapi, ingawa wengi wetu tunalijua kwa upembuzi yakinifu wa miradi tu. Ukiona "winnow out", mara nyingi kinachotajwa baada yake ndicho kinachotupwa.