Jinsi ya kuupandisha wimbo wa mtaani namba moja sikukuu, hata kama mshindi wa TV nae katoa wake

Jamani, kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho naanza kupata meseji za watu wa Unguja na Pemba, wote swali lao moja, eti nyie watu wa mtaa wa Kwahani mlifanyaje mpaka kile kidumbaki chenu, ile ngoma ya zamani ya hapa Zanzibar, kikakaa juu ya wimbo wa mshindi wa shindano la vipaji sikukuu nzima. Nshachoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo leo naandika yote hapa, alietaka afanye na kwao.

Kwanza mjue hichi kitu hatukukibuni sie. Wenyewe ni Waingereza. Kule wiki ya Krismasi ni kama kwetu sikukuu mosi, nchi nzima inataka kujua wimbo gani upo namba moja, watu mpaka wanaweka kamari. Sasa kukatokea shindano la TV linaitwa X Factor, fainali yake ilikuwa inawekwa Disemba na wimbo wa mshindi unatoka pale pale, na kuanzia 2005 mpaka 2008, miaka minne mfululizo, mshindi wao ndie aliekuwa namba moja ya Krismasi. Yani watu wakawa wanajua majibu kabla ya mtihani. 2008 wakajaribu kidogo, mshindi Alexandra Burke alitoa Hallelujah, watu wakakimbilia kununua Hallelujah ile ya zamani ya Jeff Buckley ikafika namba mbili. Mwaka uliofuata ndo ikawa kazi kweli, mtu na mkewe, Jon na Tracy Morter, wakafungua grupu Facebook wakaomba watu wanunue Killing in the Name ya Rage Against the Machine, wimbo wa 1992, rok ya kelele na hasira, haina Krismasi hata chembe. Jumapili ya tarehe 20 Disemba 2009 matokeo yakatoka, Rage kopi zaidi ya laki 5, mshindi wa X Factor Joe McElderry laki 4 na nusu hivi.

Mie nilipoisoma hiyo khabari nilisema hichi kinawezekana hapa hapa, kwa sababu na sie tunaumia hivo hivo. Kwenye mitaa yetu wapo wazee wanapiga kidumbaki, wapo wanaopiga taarabu, wapo vijana wa zenji flava, muziki wa kizazi kipya wa kwetu, wanarikodi chumbani na godoro limebandikwa ukutani, halafu sikukuu ikifika redio zote wimbo mmoja, ule uliotoka kwenye TV wiki mbili nyuma. Inauma.

Haya, kazi yenyewe.

Kabla hujafungua grupu, kabla hujatengeneza posta, nenda ukajue kinachohesabiwa ni nini. Hapa ndo wengi wanakufa. Wale Morter waliweza kwa sababu kule kuanzia Januari 2007 sheria za chati zilibadilika, daunlodi yoyote inahesabiwa hata kama CD haipo dukani, kwa hiyo wimbo wa miaka 17 nyuma ukaweza kurudi bila ya mtu kuchapa hata diski moja, na ukawa namba moja ya mwanzo ya Krismasi iliyopatikana kwa daunlodi tupu. Wangejaribu 2003 wangekwama. Na sie mara ya kwanza tulikwama kwa hilo hilo, tuliwaambia watu kila mmoja atume meseji kumi kwenye kipindi cha salamu cha redio, watu wakatuma, salio likaisha, mwisho tukatoka wa pili. Baadae nikaenda mwenyewe pale redioni nikakaa kwenye benchi nje mpaka mtangazaji akatoka, nikamuuliza kwa adabu tu, kaka hesabu yenu inakwendaje, akanambia namba moja ya simu kura moja kwa siku na ikiingia baada ya kipindi kufungwa haihesabiwi. Meseji tisa za kila mtu zimekwenda na maji, na wala redio haikutudhulumu, hatukuuliza. Nenda kaulize, kila redio na utaratibu wake. Na kama mnapigania YouTube ujue ile ina mashine za kuchuja, mtu mmoja kukaa anarifreshi usiku kucha haisaidii, bora watu mia tano wausikilize mpaka mwisho mara moja.

La pili wimbo mmoja. Mmoja tu, wallahi nasisitiza. Angalieni yaliyowapata Waingereza 2010, mwaka mmoja tu baada ya ule ushindi. Kila mtu akataka kuwa Morter. Wako waliosukuma 4'33" ya John Cage, ile ambayo wapigaji wanakaa kimya dakika nne na sekunde 33, ikafika namba 21. Wako waliosukuma wimbo wa zamani Surfin' Bird, ukafika namba 3. Wako waliosema tununue ule wimbo wa bendi ya Biffy Clyro ambao mshindi kauimba upya kwa jina jengine, nao ukaingia kumi bora. Nguvu imegawika vipande vitatu, mshindi Matt Cardle akakaa namba moja raha mustarehe. Sasa na kwetu ukiita kikao barazani utaona, Michenzani wana wa kwao, Jang'ombe wana wa kwao, mtu wa Wete anakwambia mbona Pemba hatumo. Msiogope kukaa hata usiku tatu mkibishana, lakini mkitoka pale mtoke na jina moja na wote mshikane mikono, asiekubali aseme pale pale sio aje aanzishe grupu lake siku ya Arafa.

Kuchagua wimbo wenyewe, chagueni ambao bibi yako anaweza kuuomba redioni bila ya haya. Wale walichagua wimbo una matusi na wakawezana kwa sababu kule wakati ule kilichokuwa kinahesabiwa ni kununua, mtangazaji hata asipoupiga ulikuwa unanunuliwa tu. Kwetu sie mtangazaji akiukataa umekwisha. Sie tulichukua kidumbaki kimoja cha wazee wa mtaani kwetu, fidla, vidumbaki viwili (vile vigoma vidogo) na lile sanduku la uzi mmoja, na nilisimamia mwenyewe urikodi wake ufanywe tena kwa sababu ile ya mwanzo ilikuwa ya simu, sanduku halisikiki kabisa na sanduku ndo linalomtoa mtu kwenye kiti. Tukaenda studio ya kijana mmoja, akaweka maiki chini karibu na mdomo wa sanduku, mzee akavuta uzi mara moja tu na wote mle ndani tukatizamana. Hapo ndo nilijua tuna wimbo. Usipeleke kitu kibovu ukategemea watu wapige kura kwa huruma, watapiga siku ya kwanza, ya pili hawapo.

Sasa siku. Waingereza wao Krismasi tarehe 25 kila mwaka, rahisi, wanajua wiki ya mauzo inaanza lini na inafungwa lini. Sie Idd inategemea mwezi kuandama, na Ramadhani redio nyingi zinapiga kaswida sio ngoma, maana yake kura zinaanza sikukuu mosi na zinakwisha sikukuu nne, una siku nne tu na hujui zinaanza lini. Kwa hiyo tengenezeni posta mbili mapema, moja ya mwezi kuandama 29 moja ya kukamilisha 30, na ujumbe wa grupu uwe tayari umeshaandikwa, ukitangazwa mwezi tu inatoka moja. Usiku ule watu wote wana simu mkononi wanauliza mwezi mwezi, hakuna saa nzuri kuliko hiyo. Msianze kusukuma katikati ya mwezi, watu wapo kwenye ibada na wengine watakukasirikia, na wana haki.

Ujumbe wa kutuma andikeni nyie, herufi kwa herufi, mtu akopi tu. Hili nimefunzwa na shangazi yangu. Siku ya pili ya sikukuu nimekwenda kumpa mkono wa Idd, kakaa ukumbini na kitochi chake, miwani imeshuka puani, ananambia mwanangu nshakupigia kura yako. Nikamwambia hebu nione shangazi. Kaandika "ule wimbo wa kina mzee wa sanduku naomba mnipigie na salamu kwa wajukuu wangu wote Chake Chake." Meseji nzuri kabisa, ina mapenzi, lakini jina la wimbo halimo kwa hiyo haikuhesabiwa popote. Na shangazi hakuwa peke yake, tulipokuja kuangalia nyengine zilizotumwa mtaani, wengi walikosea jina. Mara ya pili tukaandika kwenye vikaratasi, jina la wimbo, unaacha nafasi, jina la kikundi, basi, vijana wakapita nyumba kwa nyumba na wenye vitochi wakaandikiwa kwenye draft kabisa, wao wabonyeze kutuma tu. Nadhani hilo peke yake ndo lililotupa ushindi Idd kubwa.

Na msimalize nguvu siku ya mwanzo. Kule 2009 Rage walianza wiki wakiwa mbele, lakini ilipofika katikati ya wiki CD ya McElderry ikaingia madukani, watu ambao hawajui daunlodi wakaenda kununua, lile pengo likaanza kuliwa. Mpinzani wako nae ana siku yake ya kupanda. Kwetu ni sikukuu tatu, siku ambayo mshindi wa TV analetwa viwanjani kufanya shoo, watoto na nguo zao mpya wanamuona kwa macho wanarudi nyumbani wanawasumbua mama zao wapige kura. Sie tuliligawa jeshi, mashamba wakapiga sana siku mbili za mwanzo, mjini na Pemba wote tukawapanga tatu na nne, na pale Tibirinzi, Pemba, vijana wetu walisimama na vikaratasi toka saa kumi jioni.

Kununua viewz, usithubutu. Alikuja kijana akatwambia kwa elfu ishirini anatupa viewz elfu kumi kwa siku moja. Nikakataa. Zitafutwa, na hata zisipofutwa mtangazaji akigundua anakutoa kwenye orodha na jina la wazee wa watu linachafuka kwa kitu hawakijui. Wazee wamepiga ngoma ile kabla hatujazaliwa sie.

Na sasa lile ambalo kwangu mie ni zito kuliko yote. Yule alieshinda kwenye TV ni mtoto wa mtu. McElderry alikuwa na miaka 18 tu, alisimama wiki kumi mbele ya nchi nzima, akashinda, halafu watu nusu milioni wakanunua wimbo mwengine makusudi asipate. Wiki iliyofuata alipanda namba moja, nafurahi kwamba alipata. Kwetu mwaka ule mshindi alikuwa kijana wa kisiwani kwetu kabisa, na mmoja katika grupu letu akaanza kumtukana, sauti yake, sura yake, mpaka mama yake akatajwa. Zile skrinshoti zikafika kwao. Nilipojua nilimtoa kwenye grupu dakika ile ile, halafu asubuhi nikavaa kanzu nikaenda mpaka nyumbani kwao kuomba radhi. Mama yake alinipa chai akanambia, mwanangu amelala na simu chini ya mto anasoma tu. Sitaki kuisikia tena sentensi ile kwa mama yoyote. Kwa hiyo andikeni sheria juu kabisa ya grupu, hapa tunaupigania wimbo wetu, jina la mshindi halitajwi, si kwa wema si kwa ubaya, na admini wawe watatu wanaopeana zamu usiku maana matusi yanakuja usiku.

Mjue pia kwamba mnaepambana nae mara nyingi sio yule mtoto. Kule Rage na McElderry wote wawili rikodi zao zilikuwa chini ya Sony, yani kampuni ile ile ilikuwa inakula pande zote. Kilichoifanya ile kazi iwe na maana ni mambo mengine, waliwaomba wanunuzi watoe na mchango kwa Shelter, shirika la kusaidia watu wasio na makaazi, na bendi yenyewe Juni 2010 ikaenda London ikapiga shoo ya bure ya kuwashukuru pale Finsbury Park. Jiulizeni na nyie mapema, wimbo ukipanda nani anafaidika, na kama jibu ni studio tu basi kaeni tena chini.

Mkishindwa mara ya kwanza rudini. Hao hao Morter mwaka mmoja nyuma, 2008, walijaribu na wimbo wa Rick Astley na haukufika hata karibu na juu. Sie kati ya Idd ndogo na Idd kubwa ilikuwa miezi miwili na siku kumi, tukarekebisha meseji, tukarekebisha siku, tukapata.

Pesa za bando na vikaratasi wekeni kwa mtu mmoja anaeaminika na kila aliechanga aandikwe kwenye daftari, hata mia tano. Sie daftari lilisomwa barazani baada ya sala ya alasiri, sikukuu nne imeshapita, kila mtu kasikia jina lake. Zilibaki elfu kumi na moja na mia tano, tukamnunulia mpiga fidla nyuzi mpya, maana ile ya juu alikuwa kaiunga kwa fundo toka mwezi wa Shaabani.