Pikapu kuukuu: itengenezwe kwanza au iuzwe ilivyo?

Pikapu ya kwanza niliyouza ilinifunza kwa hasara. Nilishusha giaboksi, nikabadilisha beringi zote, kisha nikaipeleka ikapigwa rangi mpaka ikang'aa. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyevaa ovaroli. Hakuitazama rangi wala hakuomba kuiwasha. Alilala chali chini ya bodi la mizigo, akatoa bisibisi mfukoni, akaichoma chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, karibu na springi za nyuma. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. "Bwana mdogo," akaniambia akijipangusa vumbi, "umempaka maiti wanja." Pikapu ile iliishia kwa wavunja magari, na giaboksi yangu ikaenda nayo.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na sishiki spana kabla ya kuumaliza. Msingi wake ni huu: mnunuzi wa gari kuukuu hukata bei kwa sababu ya asichokijua kuliko kwa sababu ya ubovu anaouona. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye kuchunguza. Kutengeneza kutafuata, kama kutahitajika.

Hatua ya 1: Tafuta bei tatu

Bei ya kwanza ni ya pikapu kama yako, mwaka uleule na injini ileile, ikiwa inatembea vizuri. Ya pili ni ya pikapu kama yako yenye ubovu kama wako. Ya tatu ni ya kuvunjwa: injini, difu, milango, taa na rimu vikiuzwa kimoja kimoja, na kinachobaki kikienda kwa uzito wa chuma chakavu. Usichukue bei zinazotangazwa ukadhani ndizo zinazolipwa. Tangazo ambalo limekaa miezi mitatu linakuonyesha bei ambayo watu wameikataa.

Bei ya tatu ndiyo sakafu yako. Pikapu zina bahati hapa, kwa sababu modeli iliyotumika sana kwa kazi huwa na soko zuri la spea hata ikiwa haiwaki.

Hatua ya 2: Ingia chini kwanza

Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa. Chesesi ikioza, hesabu imekwisha. Inua gari, liweke juu ya stendi imara (usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake), kisha chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na magamba huanguka. Kaa zaidi pale chesesi inapopinda kupita juu ya eksili ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na kila pembe inayotunza matope. Kutu ya juujuu isikutie hofu. Tundu, ufa, au kiraka cha kuchomelewa kisichoeleweka kimefungwa wapi, hapo simama. Usitengeneze kitu kingine chochote. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Na ukishawishika kupaka rangi nyeusi huko chini ili kuficha, mkumbuke mzee wangu. Rangi mpya chini ya gari la zamani ndiyo kitu cha kwanza kinachomfanya mnunuzi mzoefu atoe bisibisi.

Hatua ya 3: Isikilize injini ikiwa baridi

Iwashe asubuhi, kabla haijapata moto. Injini iliyotangulia kupashwa huficha mengi, na ndiyo maana wauzaji wajanja huipasha kabla mgeni hajafika.

Tazama moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa; pengine ni chujio la hewa tu limeziba. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Kwenye dizeli, moshi mweupe wa dakika ya kwanza asubuhi ya baridi unaweza kuwa mafuta yasiyoungua tu, kwa hiyo usikimbilie kuhukumu. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, kisha uiwashe. Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Halafu lipia kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inaweza kujenga. Ni kazi ya muda mfupi, na kwangu hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote utakazompa mnunuzi. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima husoma takriban kati ya psi 130 na 200, lakini tofauti baina ya silinda ndiyo inayosema zaidi. Ikizidi asilimia 15 hivi, kuna jambo. Silinda mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, shuku gasketi kati yao. Ikiwa ni moja tu, fundi wa injini ya petroli hutia kijiko cha oili ndani na kupima tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tazama valvu.

Klachi ina jaribio la sekunde chache. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, ingiza gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Fanya mara moja tu, usije ukaimaliza wewe mwenyewe.

Ikiwa gari lina soketi ya kusomea kompyuta (magari yaliyouzwa Marekani yanayo ya aina moja tangu mwaka 1996), soma misimbo ya hitilafu na uiandike. Usiifute. Mashine ya kusomea huonyesha pia kwamba kompyuta imefutwa karibuni, na mnunuzi akiliona hilo hatakuamini tena hata ukimwambia leo ni Jumatatu.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Tuseme ikiwa nzima ingeuzwa 100, kwa sarafu yoyote. Gia ya tatu inagoma, na kwa hali hiyo watu wanatoa 65. Fundi anataka 25. Unaona faida ya 10? Mimi siioni. Giaboksi ikishafunguliwa hukutwa na jingine, kwa hiyo ongeza moja ya tano juu ya makadirio yoyote ya kazi ya ndani. Tayari ni 30. Halafu hakuna atakayekulipa 100 kamili kwa gari la zamani lililofunguliwa juzi. Atakuuliza kwa nini umelitengeneza halafu unaliuza. Ukipata 92, shukuru. Umesubiri wiki tatu, umelipa bima na maegesho, na umebaki na 62.

Sasa chukua pikapu isiyowaka kwa sababu stata imekufa na betri imezeeka. Ilivyo, utapewa 50, kwa sababu gari lisilowaka ni mbuzi kwenye gunia: mnunuzi hawezi kusikia injini, kwa hiyo anaihesabu kuwa imekufa. Stata na betri ni 8. Ikiwaka, ni 80. Hapo usifikirie mara mbili.

Kanuni yangu: matengenezo yasipopandisha bei kwa kiasi cha angalau mara mbili ya makadirio ya fundi, naacha. Stata hupita. Alternata, fenibelti, paipu ya rejeta inayovuja, krosi ya propela inayogonga, plagi, hupita mara nyingi. Klachi huwa mpakani. Ovahoo ya injini, giaboksi na rangi nzima karibu zote hufeli.

Taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu za injini kwa wakati wake, ni kisa cha peke yake. Kulingana na injini, nyingi hutakiwa kubadilishwa kati ya kilomita 60,000 na 160,000. Ikiwa ulibadilisha, itafute risiti hata kama ni kushinda siku nzima kwenye makabati. Bila risiti, mnunuzi ataihesabu kuwa haijabadilishwa. Lakini kuibadilisha leo kwa ajili ya kuuza tu, kwa kawaida hairudishi pesa yake.

Breki siziweki kwenye hesabu hii. Ama zitengenezwe, ama gari lisiendeshwe na mtu yeyote: liuzwe limesimama na libebwe juu ya lori.

Hatua ya 5: Vitu vya bei ndogo

Osha ndani kuliko nje. Toa harufu, toa mchanga, toa zile nyaya za redio zinazoning'inia. Badilisha balbu zilizokufa. Fanya vioo vyote viweze kushuka na kupanda. Jaza upepo tairi, lakini usinunue mpya. Mikwaruzo ya bodi la mizigo iache. Pikapu isiyo na mikwaruzo inaleta maswali.

Kuosha injini, mimi huosha wiki mbili kabla, kisha naiendesha. Ikioshwa asubuhi ya kuuza, mtu hudhani unaficha uvujaji.

Hatua ya 6: Chagua wa kumuuzia

Mtu wa kazi anataka kupakia mzigo kesho. Huyo mpe pikapu iliyopita hatua zote. Atalipa karibu na bei ya kwanza. Ubovu mkubwa mpelekee fundi. Wewe ungelipa spea na ufundi, yeye atalipa spea tu, kwa hiyo 65 inayokuuma wewe kwake bado ina faida, na hapo una nafasi ya kuvutana naye mpaka 70. Chesesi iliyooza ni ya wavunjaji peke yao, na waambie hivyo waziwazi, isije ikarudi barabarani.

Kwa yeyote kati yao, andika ubovu wote kwenye karatasi moja: kompresheni ya kila silinda, misimbo, makadirio ya fundi ya kila tatizo. Nilipoanza kufanya hivi nilidhani najikata mguu mwenyewe. Mnunuzi mwenye makadirio ya 25 mkononi hukata 25, labda 30. Asipoyapata, hukata 45, na huwezi kumlaumu.

Hatua ya 7: Siku ya kukabidhi

Hakikisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma inalingana na ya kwenye hati, maana kutu huifuta. Isugue kwa brashi ya waya kabla mgeni hajaja, na usipake kitu juu yake. Pesa ikishathibitishwa, sainini makubaliano yenye usomaji wa kilomita, tarehe na saa, pamoja na sentensi inayosema gari limeuzwa kama lilivyo, ile karatasi ya ubovu ikiwa imeambatanishwa na kusainiwa na nyote wawili. Piga picha nakala yako, kisha mwende kubadilisha umiliki siku hiyohiyo. Usikubali "nitabadilisha wiki ijayo". Faini zote za wiki hiyo zitakuja kwa jina lako.

Chungulia pia nyuma ya kiti kabla hajaondoka. Mimi nimeshapoteza jeki mbili nzuri humo.