Kabla hujaketi na wenyeji Wajapani

Anayekwenda Tokyo au Osaka kutafuta mkataba huandaa bei na sampuli, akasahau kwamba wenyeji hawatamwambia "hapana" mbele ya watu. Kazi kubwa ni kuandaa kikao ambacho hakuna atakayelazimika kulitamka.

Pendekezo lipelekwe kwa maandishi wiki kadhaa kabla, na mtu wenu wa kati awapitie wahusika mmoja mmoja. Wenyewe huita hiyo nemawashi. Hoja zenye utata ziishie huko. Ukiizua mpya kikaoni, mkubwa wao ataonekana hana jibu mbele ya walio chini yake, nanyi mtaambulia tabasamu.

Kadi za biashara beba za kutosha, upande mmoja Kijapani. Toa kwa mikono miwili, maandishi yamwelekee mpokeaji, uanze na mkubwa wao. Yake ipokee vivyo hivyo, uisome, kisha uzipange mezani kufuata walivyokaa, majina hayatakuchanganya. Usiandike juu yake wala usiitie mfuko wa nyuma wa suruali. Viti subiri uonyeshwe: mgeni huwekwa mbali na mlango.

Mwenyeji mwite kwa jina la ukoo na -san, kiambishi cha heshima kinachofuata jina. Usijipe -san mwenyewe. Mkizungumza Kijapani, hata bosi wako humtaji kwa -san mbele ya watu wa nje, maana yuko upande wenu, na upande wenu hujishusha. Kwa ulimi uliozoea "mheshimiwa mkurugenzi" hili ni gumu kweli, kwa hiyo fanyeni mazoezi.

Mkalimani aelezwe mapema kwamba mnataka maneno pamoja na namna yalivyosemwa. "Hai" (ndiyo) ya katikati ya maelezo yenu mara nyingi ni "nakusikia" tu. "Chotto…" (kidogo…) halafu sentensi ikaachwa hewani, pumzi ikivutwa kwenye meno, au "tutalitafakari" bila tarehe: hesabuni kwamba mmekataliwa. Msibane kwa "ndiyo au siyo?" Ulizeni ni kipengele gani kitahitaji muda zaidi, wapate upenyo wa kutaja kikwazo bila kuwakatalia.

Kiwango cha mwisho cha punguzo kipangeni kabla, na atajwe mtu mmoja tu wa kukitoa. Pakitulia kimya, wageni wengi huingiwa na wasiwasi wakajishushia bei wenyewe, na kumbe mwenzao alikuwa bado anafikiri.